KIMBUNGA NA WAJIBU WA ALIYE MBALI

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Wilaya ya Rungwe



Huenda wapo watakaoshangaa kwamba Tukuyu, mji ulio juu milimani na mbali na Bahari ya Hindi, pazungumzwe habari za vimbunga. Rungwe yajulikana kwa mvua, ukungu na baridi. Haijulikani kwa dhoruba za baharini. Lakini mtumishi wa umma hana kwao pamoja. Maofisini, mashuleni na hospitalini wilayani humu wamo watu waliozaliwa Mtwara, Lindi, Kilwa na Mafia. Na wapo wazee wa Rungwe ambao watoto wao wamepangiwa kazi huko huko pwani. Aidha, Mto Songwe, ulio mpaka wa Tanzania na Malawi, haujapata kuutenga udugu wa Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa upande ule, ambao huoana, huzikana na hufanya biashara pamoja. Kwa hiyo kimbunga kinapoikaribia pwani ya Kusini, au kinapoingia Malawi kwa kupitia Msumbiji, upepo wake hauna lazima ya kufika Tukuyu, ila hofu yake hufika.

Hofu hiyo si jambo la kuchekwa wala kukemewa. Mtu ambaye mama yake analala katika nyumba ya udongo kando ya bahari hawezi kuambiwa atulie kama aambiwavyo mtoto. Swali lililo mbele ya watu wazima ni jingine: hofu hiyo ifanye kazi gani? Ikipewa habari sahihi, humwezesha aliye mbali kumwokoa aliye karibu na hatari. Ikikosa habari, hugeuka uvumi, na uvumi humdhuru yule yule anayependwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba vimbunga si vigeni katika pwani hii. Tarehe 15 Aprili, 1872, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kuangusha mikarafuu mingi mno. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya kisiwa kikuu cha karafuu. Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile ya 15 Aprili, 1952, kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Karani au mwalimu wa siku hizo aliyekuwa Tukuyu na wazazi wake wako Lindi hakuwa na la kufanya ila kungoja barua au simu ya maandishi. Habari ilipomfikia, lililokuwa limetokea lilikuwa limekwisha kutokea.

Hata hivyo, ni kweli kwamba vimbunga vifikavyo Tanzania ni vichache, na sababu yake yaeleweka. Kimbunga hulishwa na joto la maji ya bahari, na huzungushwa kwa nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, nguvu ambayo ni dhaifu karibu na Ikweta. Vilevile kisiwa cha Madagaska hupokea mapigo mengi ambayo yangelielekea bara. Lakini uchache si kinga, na matukio ya miaka ya karibuni yana mafunzo ambayo kila mwenye ndugu pwani hana budi kuyajua.

Funzo la kwanza latokana na kimbunga Kenneth cha Aprili 2019. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kwa mikoa ya Kusini, na wakazi wa sehemu za hatari mkoani Mtwara wakatakiwa wahamie mahali salama. Tarehe 25 Aprili kimbunga kiliingia nchi kavu kusini ya Mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, na huko kikaleta maafa makubwa. Miaka miwili baadaye, Aprili 2021, kimbunga Jobo kilielekea pwani ya Tanzania, lakini kikapungua nguvu na kufifia. Baada ya matukio kama hayo husikika maneno haya: "Walitutisha bure." Maneno hayo ni ya hatari. Tahadhari si ahadi kwamba maafa yatatokea. Ni taarifa kwamba yaweza kutokea. Mtu aliyehama bondeni kisha asione mafuriko amepoteza usiku mmoja tu wa usingizi; asiyehama huenda akapoteza zaidi. Basi mwana aliye Tukuyu, aliyekuwa na hofu jana, asiwe leo wa kwanza kuidhihaki tahadhari mbele ya wazazi wake, maana siku nyingine watayakumbuka maneno yake na kubaki nyumbani.

Funzo la pili latokana na kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia na pwani ya jirani tarehe 4 Mei, 2024. Upepo wake ulikwisha upesi kuliko ilivyohofiwa, na wengi walioko mbali wakashusha pumzi. Lakini mvua iliyofuatana nacho iliikata barabara iendayo Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na wasafiri wakakwama. Kimbunga kinapopanda nchi kavu hukosa joto la bahari, na upepo wake hupungua. Maji kilichoyabeba hubaki nayo, na hayo ndiyo huendelea kuangamiza.

Hapo ndipo lilipo funzo la tatu, lililo chungu kuliko yote. Kimbunga Freddy kilianza Februari 2023 karibu na Australia, kikaivuka Bahari ya Hindi nzima, kikaipiga Madagaska na Msumbiji, kikarudi baharini, kisha Machi kikaipiga Msumbiji mara ya pili na kuingia kusini ya Malawi. Malawi haina pwani ya bahari. Hata hivyo, mjini Blantyre udongo na mawe viliporomoka kutoka milimani usiku, vikazifukia nyumba za watu waliolala. Waliokufa na waliopotea wasionekane tena nchini humo walizidi 1,000. Mtu wa Rungwe, aliyezoea mvua tangu utotoni, huweza kumwambia ndugu yake kwa nia njema, "Ni mvua tu, itapita." Asiseme hivyo. Hata huku milimani, Aprili 2024, udongo uliporomoka kutoka Mlima Kawetere na kufukia nyumba huko Itezi, Mbeya.

Kwa hiyo mwenye hofu na afanye nini? Kwanza, na aitazame ramani. Mwenye ndugu Karonga huenda alihangaika mno siku za Freddy, na hali Karonga iko kaskazini ya Malawi na Blantyre iko kusini, mbali nayo. Pili, na aisikilize taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa yenyewe, aipeleke kwa ndugu zake kama ilivyotolewa, pamoja na saa yake. Asisambaze picha za kimbunga cha nchi nyingine zilizookotwa katika simu. Tatu, na aulize maswali yenye manufaa. "Mko salama?" hujibiwa "Tuko salama" hata na mtu aliyezingirwa na maji, kwa kuwa mzazi hapendi kumtia mwanawe wasiwasi. Bora aulize: Mtahamia kwa nani? Nani atamshika bibi mkono? Maji ya kunywa yamewekwa? Vyeti na hati za shamba zimefungwa visilowe?

Nne, ukoo na uchague mtu mmoja wa kupiga simu na kuwaarifu wengine, ili betri ya mzee isiishe kwa kujibu watu kumi. Na simu ikinyamaza, ukimya usifanywe msiba. Idai ilipoipiga Beira usiku wa kuamkia 15 Machi, 2019, mawasiliano ya mji yalikatika. Wengi walionyamaza walikuwa hai.

Wakuu wa ofisi na wa shule nao wana sehemu yao. Mtumishi ambaye jamaa zake wako katika njia ya kimbunga hawezi kuandika jalada kama siku nyingine. Ruhusa ya nusu saa ya kupiga simu haiipunguzii ofisi heshima. Mwalimu naye, akiwaeleza wanafunzi kwa ramani mahali kimbunga kilipo na kiendako, atakuwa amewapa elimu na faraja kwa pamoja, hasa yule ambaye wazazi wake wako huko na hasemi.

Mwisho, upendo usiishie siku upepo unapotulia. Magazeti huacha kuandika baada ya wiki moja, lakini shamba lililosombwa hukaa msimu mzima bila mavuno. Aliyekosa usingizi kwa ajili ya ndugu zake usiku wa kimbunga na awakumbuke pia mwezi wa tatu baada yake, wakati wa mbegu, wa mabati na wa ada ya shule. Wakati huo hofu imekwisha, na msaada ndio unaohitajiwa.