Taa Ziwafuate Watu

Mpwa wangu anasomea ubunifu wa majengo. Juzi alinijia na kazi aliyopewa na mwalimu wake: achague mahali pamoja pa wazi katika mji wowote wa Tanzania, kisha achore mpango wa kupawekea taa. Kwa kuwa wazee wetu ni wa Tabora, ameichagua Tabora. Nikampongeza. Alipofungua daftari tukaanza kubishana.

"Mjomba," akasema, "nataka kulimulika Boma la Wajerumani, mwanga upande kutoka chini mpaka juu ya kuta. Au lile tembe la Kwihara walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872."

Nikamuuliza, nani atakuwa pale saa nne za usiku?

Boma lilijengwa kwa ajili ya askari, si kwa ajili ya watu kupunga upepo. Kwihara iko nje ya mji, na mgeni anayekwenda kuliona tembe huenda mchana. Ukuta ukimulikwa usiku kucha bila mtu wa kuutazama, watakaofaidi ni kumbikumbi. Na luku atanunua nani?

Mimi nilimwelekeza stesheni, na barabara inayotoka pale kuingia mjini. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na abiria wa Kigoma, Mwanza na Mpanda wote hupitia pale. Treni haichagui saa. Ikifika usiku wa manane, mama mwenye mtoto mgongoni na kiroba kichwani atatembea tu, afanyeje? Muuza chai naye anahesabu chenji kwa kupapasa. Hao wapo, taa ziwepo zisiwepo.

Kijana akanitolea mfano wa Forodhani, Unguja. Ni kweli, bustani ile ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, na usiku inapendeza. Lakini wauza mishikaki na pweza walikuwapo siku nyingi kabla ya ukarabati huo. Watu walitangulia.

Hata nguzo tulibishania. Yeye alichora ndefu kama za uwanja wa mpira. Tabora ni mji wa miembe, na mwembe haupukutishi majani yote wakati wa kiangazi. Taa ikikaa juu ya matawi itaangazia majani, na chini pabaki giza la mwizi. Iteremshwe chini ya matawi, ielekee ardhini, isimpige mtu machoni. Maana taa kali inayokupiga usoni humficha aliyesimama nyuma yake. Kipimo changu ni hiki: mtu akija, niitambue sura yake kabla hajanifikia. Kwa hiyo nataka taa ndogo nyingi. Misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi ilipotua jioni, kila kikundi kilichokula pamoja kilikoka moto wake.

Nikamshauri aweke rula kando kwanza. Akae pale usiku tatu na daftari, ahesabu wanaopita: wanawake wangapi, watoto wangapi, na ni upande gani wa barabara wanaoukwepa. Aulize pia nani atabadili globu ikiungua, maana taa nyingi za miji yetu hufia hapo.

Akasema mwalimu wake anataka mahali penye historia. Nikacheka. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, ambayo mwaka 2006 iliingia katika orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia, ilikanyagwa na watu wenye mizigo kichwani, na wengine wakiwa na minyororo shingoni. Akitaka kuwaona wabeba mizigo wa leo, wanashuka pale pale stesheni.

Wiki ijayo anapanda treni kwenda kuhesabu. Nimemwambia asisahau tochi.