Uvimbe Utatolewaje? Swali la Kumwuliza Daktari

(Mazungumzo na vikundi vya akina mama, Bomet)

Leo tunataka kuzungumza juu ya faibroidi, yaani ule uvimbe unaoota kwenye kizazi. Ni jambo la wengi wetu, lakini tunalinong'ona tu tukiwa shambani.

Faibroidi nyingi si kansa, na nyingine hazisumbui. Zikileta damu nyingi au maumivu, daktari anaweza kushauri upasuaji. Siku hizi kuna upasuaji wa matundu madogo: daktari anapitisha kamera na vifaa vyembamba bila kufungua tumbo lote. Mama anayechuma majani chai ataupenda, maana kidonda ni kidogo na anarudi kazini mapema.

Sasa tujiulize: uvimbe kama chungwa utatokaje kwenye tundu la upana wa kidole? Mara nyingi hukatwa vipande kwanza, pengine kwa mashine. Shida iko hapo. Mara chache, ndani yake mna kansa iliyojificha, na vipimo vya kabla ya upasuaji haviwezi kuionyesha kwa uhakika. Ikikatwakatwa tumboni, inatawanyika kama mbegu.

Mwaka 2014 idara ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya hospitali ilikadiria kwamba, kati ya akina mama 350 wanaopasuliwa kwa ajili ya faibroidi, mmoja hivi ana kansa ya namna hiyo. Ikaonya juu ya mashine hiyo. Mwaka 2020 ikashauri kwamba ikitumika, uvimbe ukatiwe ndani ya mfuko maalumu, na isitumike kwa mama aliyekoma hedhi au aliyepita miaka 50.

Hatusemi haya ili mwogope hospitali. Kukaa nyumbani ukiishiwa damu nako ni hatari. Tunasema ili muulize:

1. Uvimbe utatoka mzima au vipande?
2. Kama ni vipande, mtatumia mfuko? Au kwangu ni afadhali kufungua tumbo?
3. Utapelekwa maabara kupimwa kansa?

Na kama ulikoma hedhi kisha damu ikarudi, usifiche. Mwambie daktari.

Kikundi kikichangia mwenzetu pesa za hospitali, kichague pia mmoja wa kumsindikiza, akiwa na maswali haya mfukoni. Mgonjwa peke yake husahau kuuliza.