Ramani Ikichorwa, Nasi Tuwepo

Leo tuzungumze juu ya ramani.

Kule Israeli, kama mtu mmoja kati ya watano ni Mwarabu. Mwaka 1965 ilipitishwa sheria ya mipango na ujenzi. Vijiji vingi vya Waarabu havikutiwa kwenye ramani, ijapokuwa watu walikuwa wakikaa humo. Basi ukitaka kujenga, kibali hupati. Bila kibali, nyumba haipewi umeme, na yaweza kubomolewa.

Chukueni Umm al-Hiran, huko Negev. Wenyeji walihamishiwa pale na serikali yenyewe mwaka 1956. Mwaka 2024 kijiji kilibomolewa.

Je, wote walikaa kimya? La! Mwaka 1988 watu wa vijiji vya namna hii walianzisha Chama cha Arobaini. Walidai, wakafuatilia, na vijiji kadhaa vya kaskazini vikatambuliwa. Lakini huko Negev vingi bado vinangoja.

Nasi pia tunao wenzetu wanaolima mashamba yasiyo na hati. Kwa hivyo mpimaji akija, tusimwachie chifu peke yake. Twende wote, kina mama na vijana, tuulize: kijiji chetu kiko wapi hapa?