Umri wa Mtoto Mbele ya Sheria ya Jinai

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Kabla yake Tanzania Bara ilirithi sheria ya kikoloni ya mwaka 1937, iliyomwita mtoto yule asiyetimiza miaka 12 tu. Wa miaka 12 hadi chini ya 16 alikuwa kijana, na aliyetimiza 16 alipandishwa kizimbani kama mtu mzima. Sheria mpya ilirefusha utoto, lakini haikuufanya kuwa mmoja katika sheria zote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka miaka 15 kwa msichana mwenye ridhaa ya mzazi, na ilibidi Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zitamke kwamba masharti hayo yanakiuka Katiba.

Kuwa mtoto na kutowajibika kwa jinai ni mambo mawili tofauti. Kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka mipaka miwili. Aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa lolote. Aliyefikisha 10 lakini hajatimiza 12 naye hawajibiki, isipokuwa ithibitike kwamba alipotenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda vile. Kuanzia 12 anawajibika, ingawa bado ni mtoto na anastahili mashauri yake yasikilizwe kwa njia inayomfaa mtoto.

Ugumu wote uko katika ile miaka miwili ya kati. Vigwaza, kando ya barabara ya Morogoro katika Halmashauri ya Chalinze, wakulima na wafugaji wanatumia ardhi ile ile, na mara nyingi anayechunga ni mtoto. Tuseme mchungaji wa miaka 11 amewaacha ng'ombe wakaingia kwenye mahindi ya jirani, na mwenye shamba amekwenda polisi kushitaki uharibifu wa mali. Hasara yake ni ya kweli. Hata hivyo, upande wa mashtaka haumalizi kazi kwa kuonyesha kwato shambani. Lazima uthibitishe kwamba mtoto alikusudia, na zaidi ya hapo, kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda vile. Kwamba alitimua mbio alipoitwa si uthibitisho; mtoto hukimbia fimbo hata pale asipojua kosa lake. Ushahidi wenye uzito ni wa aina nyingine: je, alikwishaonywa kuhusu shamba lile? Nani alimtuma kule? Alisema nini kabla hajatishwa? Mzigo wa kuthibitisha ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Mtoto akinyamaza, ukimya wake haujazi pengo. Ushahidi ukikosekana, mwenye shamba hajapoteza haki yake: anabaki na dai la fidia dhidi ya mwenye mifugo, na huko ndiko lilikostahili kuanzia.

Kabla ya yote hayo, umri wenyewe lazima ujulikane. Aliyezaliwa nyumbani na asiyesajiliwa hana cheti. Pengine ipo kadi ya kliniki iliyochakaa, pengine kumbukumbu ya bibi tu. Sheria ya Mtoto inaitaka mahakama ichunguze umri, na inaruhusu ushahidi wa daktari. Lakini picha ya mifupa au meno hutoa makadirio yanayoweza kupishana na ukweli kwa mwaka au zaidi, na hapa mwaka mmoja ndio wote unaobishaniwa. Shaka ikibaki, haki inadai imfae mtoto. Ndiyo maana usajili wa vizazi unaofanywa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) ni kinga ya mtoto katika jinai, si karatasi ya kuandikishia shule pekee.

Mpaka wa miaka 10 ni mdogo mno. Zanzibar na Uganda zimeweka 12. Kenya, iliyokuwa na miaka 8, nayo ilihamia 12 kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilihimiza mwaka 2019 kwamba usiwe chini ya 14. Hakuna sababu ya mtoto wa Bagamoyo kuwajibika mapema kuliko wa Unguja, anayeishi ng'ambo tu ya bahari.

Mtoto anayewajibika hupelekwa Mahakama ya Watoto, isipokuwa kwa mashtaka kama ya mauaji. Shauri husikilizwa kwa faragha, mzazi na ofisa ustawi wa jamii wakiwapo. Kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kabisa kumfunga mtoto jela. Anaweza kuachiliwa kwa masharti, kukabidhiwa kwa mlezi, au kupelekwa shule ya maadilisho. Tatizo ni kwamba shule hiyo kwa Bara iko Irambo, Mbeya, na mzazi wa Vigwaza anayetaka kumtembelea mwanawe hukabiliwa na nauli asiyoimudu. Tena Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 131, bado inataja kifungo cha miezi 12 pamoja na viboko kwa mvulana wa miaka 18 au chini anayepatikana na hatia ya ubakaji kwa mara ya pili, na kifungo cha maisha kwa mara ya tatu. Vifungu hivi viwili haviwezi kutiiwa pamoja. Cha mwaka 2009 ndicho kilichotungwa kwa ajili ya mtoto, na Bunge halina budi kulitamka hilo waziwazi badala ya kumwachia kila hakimu achague.