Sauti ya Mwanamke wa Kijijini
(Risala ya wanachama katika sherehe ya miaka kumi, Kariakoo)



Leo tumeona tumtaje mama ambaye wengi wetu tulimsikia kabla hatujafika Kariakoo: Edda Sanga, mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam. Enzi hizo redio ya nchi nzima ilikuwa hiyo moja, na kule kijijini tulikwenda kuisikiliza kwa jirani.

Mwaka 1987 yeye na wanahabari wenzake wanawake walianzisha TAMWA. Mbinu yao ilikuwa kutoa habari ya uonevu kwa pamoja, redioni na magazetini, kwa kishindo, hata mkubwa aliyejifanya hasikii asikie.

Na uonevu ulikuwepo. Mkoani Kagera, mwanamke aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake aliliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo akamshitaki, eti mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi.

Lakini hukumu hiyo ingewafikia wangapi kule vijijini? Mashirika ya wanawake, TAMWA ikiwemo, yakazidi kupiga kelele mpaka ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Tena katika wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji, 3 wawe wanawake.

Akina mama, hapo panatuhusu. Mgao ukitoka, wengi tunatuma fedha nyumbani kununua shamba. Linaandikwa jina la kaka au la mume, kwa vile yeye ndiye yuko huko. Ikitokea msiba, tunaambiwa hatuna chetu.

Basi tukubaliane. Anayenunua shamba kwa akiba yake ahakikishe jina lake limo kwenye hati ya kimila. Na akienda kwao aulize: wale wanawake watatu wa baraza ni akina nani? Kama hawapo, asinyamaze, na sisi wenzake tusimwache peke yake.