Mazabodi ya Kompyuta ya Muziki

Msikilizaji mwenye studio chumbani, mazabodi imeanza kusumbua, kompyuta inajizima katikati ya kurekodi, na fundi anasema mazabodi yoyote itafaa. Mwambie asubiri, kwanza msome namba ya prosesa. Intel za kizazi cha 6 na cha 9 zote hukaa kwenye soketi ya LGA 1151, lakini mazabodi iliyotoka kwa ajili ya kizazi cha 6 haikuundwa kuwasha prosesa ya kizazi cha 9. Kuingia inaingia, kuwaka haiwaki! Ramu angalau haikudanganyi: ya DDR3 haichomeki kabisa penye nafasi ya DDR4.

Kinachosahaulika ni kadi ya sauti. Kama yako ni ya PCI, ile ya zamani, mazabodi nyingi za sasa hazina nafasi yake. Na ukitoa mazabodi kwenye kompyuta ya ofisi iliyotumika, chunguza plagi ya umeme. Nyingine hazikubali pawasaplai ya kawaida.

Programu za muziki, aghalabu, husajiliwa kwa mashine, na kompyuta yenye mazabodi mpya huweza kuonekana kwao kama mashine nyingine. Kompyuta ingali inawaka, ondoa usajili huo leo, kisha ndipo ushike bisibisi.