Deni la Mali Iliyoungua



Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto ulilikumba Soko Kuu la Kariakoo. Jengo hilo, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa rasmi na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, lilikuwa limewalisha wafanyabiashara kwa zaidi ya miaka arobaini na mitano. Kulipopambazuka, wengi wao walikuwa wamesimama kando ya barabara wakiutazama moshi, wala hapakuwa na cha kuokoa.

Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja, muuza mbegu na mabomba ya kupulizia dawa mashambani. Jina lake halina haja ya kutajwa, maana wenzake wa hali yake ni wengi. Mali iliyomwungulia ilifika shilingi milioni 19, na katika hizo milioni 11 hazikuwa zake. Ulikuwa mzigo alioutwaa kwa mali kauli kutoka kwa mzee mmoja, muuza jumla wa Mtaa wa Swahili.

Kwa wale ambao hawajapata kufanya biashara, yafaa ielezwe mali kauli ni kitu gani. Ni mzigo unaotolewa bila fedha, bila hati, bila mdhamini na bila riba. Mwenye mali hutoa mali, naye mchukuaji hutoa kauli. Akiuza hulipa, akilipa huchukua mzigo mwingine. Daftari huwapo, lakini kazi yake ni kukumbushana, si kushitakiana. Anayevunja kauli yake mara moja hupata taabu kuchukua hata katoni moja katika mitaa ile, kwa sababu habari zake hutembea haraka kuliko mkokoteni.

Daftari la mama yule liliungua pamoja na mali. Mtu mwingine angeliona jambo hilo kuwa nafuu. Yeye siku ya tatu alikwenda Mtaa wa Swahili, akamwamkia mzee, akasema, "Baba, nimekuja tuandike upya."

Mzee akaitikia na kumsukumia kalamu. "Andika wewe, mwanangu. Mimi nitasoma."

Akaandika milioni 11. Alizilipa zote kwa muda wa miezi ishirini na sita, akiuza juu ya meza ya mbao katika Mtaa wa Mchikichi, jua likiwaka na mvua ikinyesha. Wakati huo huo alikuwa akichukua mizigo mipya kwa mzee yule yule, nayo akiilipa kwa tarehe zake. Methali isemayo kukopa harusi, kulipa matanga hupendwa sana na wakopeshaji; hapana shaka aliyeitunga hakuwa amekutana na mtu wa namna hii.

Mwaka 2024 mama huyo alikata shauri kwenda Guangzhou, kama wafanyavyo wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, ili akayachague mabomba kwa mkono wake mwenyewe badala ya kuletewa yasiyofaa. Akaambiwa kwamba hoteli za huko hutaka kadi, tiketi hununuliwa kwa kadi, na vipuri vidogo vidogo huagizwa kwa kadi. Akaenda kwenye benki ambako alikuwa na akaunti kwa miaka tisa, akaomba kadi ya mkopo.

Kadi nyingi zilizomo mifukoni mwa Watanzania ni za kutolea fedha ambazo mwenyewe alikwisha kuziweka. Kadi ya mkopo ni kitu kingine. Benki hutangulia kulipa, na mwenye kadi hurudisha baadaye. Akichelewa hutozwa riba. Ukiitazama vizuri, kadi hiyo ni mali kauli iliyovaa suti. Kwa hiyo mama yule hakuona kwamba anaomba jambo la ajabu. Alikuwa anaomba kitu anachokijua, ila kwa umbo jipya.

Baada ya wiki tatu aliitwa. Kijana wa benki alimpokea kwa heshima zote.

"Shikamoo mama. Ombi lako halikupita."

"Marahaba mwanangu. Halikupita kwa nini?"

"Mashine imekataa, mama."

"Mashine imekataa, au ninyi mmekataa?"

Kijana akatabasamu kwa haya. Alipewa barua yenye mstari mmoja uliosema kwamba mwombaji hakukidhi vigezo. Vigezo vyenyewe havikutajwa. Kisha akashauriwa kwamba akipenda aweke benki amana ya shilingi milioni tatu isiyoguswa, naye atapewa kadi yenye ukomo wa kiasi hicho hicho. Aombaye kukopeshwa akaambiwa akopeshe kwanza!

Sasa mwalimu wa shule ya msingi aliyeanza kazi juzi tu amtazame mama huyu, kisha ajitazame. Mwalimu huyo hajapata kulipa deni lolote maishani mwake, lakini akipeleka hati ya mshahara, cheki namba na barua ya mwajiri, mkopo hutoka, tena pengine hufuatwa ofisini na mawakala wa mikopo kabla hajaomba. Je, benki imemwamini mwalimu? Hapana. Imeiamini Hazina inayomlipa. Fedha hukatwa kabla mshahara haujamfikia, na kinachomlinda ni ile kanuni kwamba sharti abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake. Uaminifu wa mwalimu haujapimwa hata siku moja. Uaminifu wa mama wa Kariakoo umepimwa kwa moto, na matokeo ya kipimo hicho hayakuandikwa mahali ambapo benki hutazama.

Hali hii ya kutoaminiwa ina historia, na sehemu yake imo katika jina lenyewe la Kariakoo. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mnamo Septemba 1916, eneo hilo liligeuzwa kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, walioitwa kwa Kiingereza "Carrier Corps", nao wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Mishahara ya wengi wao haikuwafikia, wala haikuwafikia warithi wao. Kwa hiyo mtaa huo unaitwa kwa jina la watu ambao Serikali ya kikoloni ilikuwa na deni lao, na haikulilipa.

Serikali hiyo hiyo, mwaka 1923, ilitunga sheria ya kuzuia Waafrika wa Tanganyika wasikopeshwe, kisha ikaitunga upya mwaka 1931. Asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika fedha au bidhaa hakuweza kudai mahakamani, isipokuwa mkopo huo uwe umeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa utawala. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba Mwafrika alikuwa analindwa asizame katika madeni, na yawezekana baadhi ya waliotunga sheria hiyo waliamini hivyo kwa moyo safi. Lakini mwenye duka asiyeweza kwenda mahakamani hukopesha kidogo, au hupandisha bei, au hutaka rehani. Mtu akalindwa dhidi ya deni kwa kufungiwa mlango wa mtaji.

Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, mabenki ya kigeni yalitaifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara ikazaliwa. Mwaka 1991 sheria mpya iliruhusu tena mabenki ya watu binafsi. Mwenye benki alibadilika mara mbili, lakini swali la dirishani halikubadilika: hati ya nyumba iko wapi, mshahara uko wapi? Naye mchuuzi mdogo hakupata msemaji katika nyakati zote hizo. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, hata duka lake lenyewe lilionekana kuwa kosa.

Haifai hata hivyo kuyasingizia mabenki ubaya mtupu. Fedha wanazokopesha ni za waweka akiba, na miongoni mwao wamo walimu na wastaafu. Benki Kuu hutaka mikopo isiyolipika isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Mwaka 2017 ilipita asilimia 10, na huo haukuwa mchezo. Ili kupunguza hasara za namna hiyo, kanuni za mwaka 2012 zilianzisha utaratibu wa kukusanya taarifa za wakopaji, na kampuni zikapewa leseni ya kuzitunza na kuziuza kwa wakopeshaji. Nia ilikuwa njema: mkopaji mwaminifu atambulikane, asichanganywe na mdanganyifu.

Tatizo ni kwamba kinachoingia humo ni kile kinachopelekwa. Benki hupeleka taarifa. Kampuni za mikopo zenye leseni hupeleka. Mikopo ya simu, iliyoenea tangu M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, nayo huacha nyayo zake, hata ikiwa ya shilingi elfu tano. Mzee wa Mtaa wa Swahili hapeleki kitu. Mwenye duka la Mangi anayeandika unga na sukari hadi mwisho wa mwezi hapeleki kitu. Kikundi cha VICOBA, kijapokuwa kimetambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, aghalabu kumbukumbu zake hubaki ndani ya sanduku lenye kufuli tatu. Mwenye benki akisema kwamba mtu fulani hana historia, amesema kweli kwa kadiri ya kitabu chake, na amekosea kwa kadiri ya mtaa mzima.

Dawa si kumwaga kila daftari la mtaani katika mashine. Watanzania wamekwisha kuona taarifa zao zikitumiwa vibaya: mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ililazimika kuzipiga marufuku programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, baada ya wakopaji kulia kwamba ndugu, majirani na hata wakuu wao wa kazi walitumiwa ujumbe wa kuwaaibisha. Mikopo ya namna hiyo wananchi wameipa jina lake, kausha damu, na jina limekaa mahali pake. Ajuaye mengi mno kuhusu mdaiwa ni hatari sawasawa na asiyejua lolote.

Linaloweza kudaiwa leo, bila kungoja sheria mpya, ni sababu. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1974 ya usawa katika mikopo ilizaliwa kwa sababu wanawake walikuwa wakinyimwa kadi au wakiambiwa walete sahihi za waume zao. Na mkopeshaji wa huko akikataa ombi, mwombaji ana haki ya kuelezwa sababu mahsusi, si maneno ya jumla. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa, na inagusa hata maamuzi yaliyofanywa na mashine peke yake. Mteja wa benki asiyeridhika na jibu anaweza kufikisha malalamiko yake Benki Kuu. Ni haki zilizoandikwa kwa lugha nzito ya kisheria, na hapo ndipo mwalimu na mtumishi wanapohitajika, kwani jirani yao muuza mbegu hatazisoma peke yake.

Kwa mama wa Kariakoo mambo yalikwenda hivyo hivyo. Aliyemsaidia kuandika barua ya kuomba taarifa zake ni mwalimu wa sekondari, mtoto wa yule mzee muuza jumla. Taarifa ilipokuja ilikuwa fupi, haikujaza hata nusu ukurasa. Ilionyesha mkopo mmoja tu, wa simu, wa shilingi 14,000, uliochukuliwa mwaka 2020, nao umeandikwa kwamba haujalipwa. Ukweli ni kwamba aliulipa, akachelewa kwa siku tisa alipokuwa akimwuguza mtoto, na mtu fulani mahali fulani hakuufunga. Zile milioni 11 hazikuonekana popote. Kitabu kilikuwa kimehifadhi siku tisa za kuchelewa na kupoteza miezi ishirini na sita ya kulipa.

Aliisoma mara mbili, kisha akauliza, "Kwa hiyo nisingelikopa ile elfu kumi na nne ningekuwa nani?"

"Ungekuwa hupo, mama," mwalimu akamjibu.

Wakapeleka dai la marekebisho, pamoja na taarifa ya malipo kutoka kampuni ya simu. Wakaambatisha pia nakala ya daftari jipya la mzee, kurasa kumi na saba, kila malipo na tarehe yake, ingawa hakuna kanuni inayoilazimu benki kulisoma. Jibu lilikuwa halijafika siku ya safari ilipowadia, na msimu wa mbegu haungoji. Hoteli ya Guangzhou ililipiwa kwa kadi ya mwalimu yule. Mama alirejea siku ya Jumapili, akampelekea fedha yake Jumatano, kamili, akaomba iandikwe.